Vifungo Kumi na Vinne

Shangazi yangu alikuwa fundi wa nguo asiye na futi. Miaka thelathini na moja ya kushona, na ungepekua duka lake lote, kuanzia droo ya sindano hadi chini ya cherehani, usingekuta futi hata ya kuchezea. Mteja akisimama mlangoni, yeye anamtazama mara moja kutoka utosini hadi vidoleni, kisha anamwambia, "Haya, umeshapimwa. Nenda zako, urudi Ijumaa." Na Ijumaa nguo inamkaa kama kazaliwa nayo. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Macho Futi, jina alilolipenda kuliko lile alilopewa na babu.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Pale dukani kazi yangu ni vifungo, pasi na kusikiliza majigambo yake, na hiyo ya tatu ndiyo inayochosha.

Lakini wiki ile ya timu! Kila nikiikumbuka moyo unanienda mbio upya, na sioni aibu kusema.

Ilianzia kwenye mkutano wa mtaa. Fundi simu wa pale kona, dada anayetumia kiti cha magurudumu, aliomba nafasi ya kusema. Yeye ndiye nahodha wa timu ya wanawake wanaocheza mpira wa kikapu wakiwa kwenye viti hivyo. Alisema wamefanya mazoezi miaka minne kwenye uwanja wa saruji nyuma ya shule, na sasa, kwa mara ya kwanza, wamekubaliwa kuingia mashindano. Yamebaki siku kumi. Shida ni kwamba timu isiyo na sare haiingii uwanjani, na shati likichomoka kwenye suruali, mchezaji anatolewa nje mpaka alichomeke. Wao wako saba tu. Wakitolewa watatu kwa mpigo wanabaki wanne, pungufu ya watano wanaotakiwa uwanjani, na hapo wameshindwa kwa kanuni.

"Hatukuja kuomba pesa," alisema. "Tunaomba mikono. Kila mtu hapa ana kitu anachokiweza."

Fundi baiskeli akasema magurudumu yote atayakaza yeye. Dereva wa lori akasema atawapeleka na kuwarudisha. Shangazi hakungoja apewe nafasi, alisimama na kusema, "Sare niachieni mimi. Na bure."

Watu walimpigia makofi, naye akavimba kichwa hapo hapo. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwepo wakati maji yanaingia.

Tulipofika nyumbani alifungua kabati na kutoa jora la kitambaa cha kijani alilolificha miaka kumi na moja akingoja mteja anayelistahili. Kesho yake tukaenda uwanjani kupima. Wachezaji walikuwa wakikimbizana, viti vinagongana kwa kishindo, na mmoja wanayemwita Roketi alikata kona nikadhani anapinduka. Mimi nilikuwa napiga kelele tu. Shangazi alikaa pembeni, akawaangalia, na kichwani mwake akawasimamisha mmoja mmoja. "Yule mrefu, kiuno chembamba. Yule mapaja yamejaa. Yule mfupi kama mimi." Hakuandika hata herufi moja.

Alishona siku tano. Suruali saba na mashati saba, mishono imenyooka, namba zimekaa katikati ya mgongo. Na kwa kuwa ilikuwa zawadi, kila suruali aliitia alama yake ya ufundi, mifuko miwili ya nyuma yenye vifungo vya shaba. Nilivishona mwenyewe, vyote kumi na vinne. Jora likaisha, vikabaki vipande vya kufutia mashine.

Jumatano tukapeleka. Walijaribu kwenye chumba cha vifaa cha shule, sisi tukingoja nje, kisha nahodha akachungulia mlangoni, akasema, "Zimetosha, shangazi. Asante sana." Wengine nao, asante, asante, Mungu akuzidishie. Shangazi akarudi njia nzima anaimba.

Tulikuwa tumefika nusu ya njia alipokumbuka kwamba ameacha mwavuli.

Tuliporudi, mlango wa chumba kile ulikuwa wazi. Nahodha alikuwa na suruali mapajani na wembe mkononi, anakata vifungo vya mifuko ya nyuma kimoja kimoja na kuvitia kwenye kopo tupu la mafuta ya kupaka. Roketi alikuwa bado amevaa. Alipoinama kuokota mpira, suruali ilimshuka nyuma ikaacha kiuno chote wazi, shati likapanda mpaka mgongoni, na mbele kitambaa kikajikunja tumboni mkunjo juu ya mkunjo. Miguu nayo ilionekana hadi nusu ya muundi.

Nilitamani sakafu inimeze. Shangazi alisimama mlangoni, uso umemshuka.

"Mbona mnakata?" aliuliza.

Nahodha aliweka wembe chini. "Shangazi, naomba usivunjike moyo. Mimi sihisi kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Kifungo kikinikandamiza sijui. Mwaka juzi kimoja kilinitia kidonda, nikalala kifudifudi miezi mitatu."

"Na hili shati? Jumamosi si litachomoka?"

"Tutalishika."

"Mtashika shati kwa mkono upi, na mpira mtaushika kwa mkono upi?"

Shangazi akawageukia wengine.

"Na nyinyi wote saba mkaniambia zimetosha!"

Roketi ndiye aliyejibu. "Shangazi, umetushonea bure. Mtu anakupa zawadi, utamwambia haikukai? Na isitoshe tumezoea. Nguo zote hushonwa kwa watu waliosimama."

Namjua shangazi. Nilingoja alipuke, na nilikuwa naona uchungu kwa ajili yake, maana miaka thelathini na moja ya sifa ilikuwa imelala pale sakafuni. Badala yake akavua viatu, akasema, "Nipeni kiti."

Wakamletea kiti cha mazoezi. Akakaa, akasukuma magurudumu kuingia uwanjani, akampita mchezaji wa kwanza, akampita wa pili, kisha akaugonga mlingoti wa kikapu kwa kishindo ambacho nadhani kilisikika hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Wachezaji walicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Alikuwa amepeleka mkono mmoja nyuma ya kiuno na mwingine tumboni, anapapasa.

"Nyuma kumepungua shibiri nzima," alisema. "Mbele kumezidi shibiri nzima. Goti linavuta mguu juu. Bega linataka nafasi ya kusukuma." Akanigeukia, macho yanawaka. "Wewe, umeona? Kilichopungua nyuma kiko mbele! Kitambaa hakijapotea!"

Alipiga kelele ya furaha, nami nikapiga yangu, ingawa nilikuwa bado sijaelewa vizuri.

Nilielewa Alhamisi asubuhi. Alifumua kiuno cha kila suruali, akakata mbele palipozidi, na kipande kile kile akakishonea nyuma, suruali ikapanda mgongoni kama inavyotakiwa. Mifuko ya nyuma aliibandua, ikawa nyongeza ya chini ya miguu. Mshono mnene wa makalio akaubadilisha ukawa bapa, ukipitisha kiganja huusikii. Kwapani akapanua kwa vile vipande vya kufutia mashine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Ila kabla ya hapo kuna jambo aliloniambia ambalo nilimwomba alirudie.

"Nenda kwa seremala ukaazime futi."

"Futi, shangazi?"

"Futi! Macho yangu hayajawahi kukaa kwenye kiti. Yaache yajifunze kwanza."

Seremala alikuwa na futi ya chuma tu, ile inayojirudisha yenyewe. Wachezaji walikuja dukani wawili wawili, wakapimwa wakiwa wamekaa, wakiwa wameinama, wakiwa wameinua mikono kama wanarusha. Futi ilimbana shangazi kidole mara tatu, na mara zote tatu aliitukana kama mtu. Saa kumi jioni ya Ijumaa nilipiga pasi suruali ya saba.

Jumamosi dereva wa lori alitupakia wote. Mwamuzi alikagua sare mbele na nyuma, nami nilikuwa nimemshika shangazi mkono mpaka akaniambia namuumiza. Mwamuzi akatikisa kichwa kukubali, filimbi ikalia.

Mechi ya kwanza tulifungwa kwa pointi tisa. Sawa, tulifungwa. Lakini hakuna shati lililochomoka! Shangazi hakuwa anaangalia mpira hata kidogo, alikuwa anaangalia viuno. "Limekaa! Limekaa!" alikuwa akipiga kelele, na watu wa timu nyingine wakageuka kutazama huyu mama anashangilia nini wakati timu yake inafungwa.

Mechi ya pili tulikuwa nyuma kwa pointi moja, zimebaki sekunde chache. Roketi akaupora mpira, akainama karibu kugusa sakafu, shati likatulia pale pale, akampasia nahodha, nahodha akarusha. Mpira ulizunguka kwenye pete, ukazunguka tena, ukaingia. Sijui nilimkumbatia nani. Nilipopata akili nilikuwa nimening'inia shingoni mwa fundi baiskeli, ambaye hata jina langu halijui.

Nilidhani hapo ndipo hadithi inaishia. Jumatatu asubuhi nahodha akaja dukani na lile kopo la vifungo mapajani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, bingwa wangu."

Aliweka kopo mezani. Kisha akatoa shati lake, akalikunjua, na uso wake haukuwa na tabasamu hata kidogo.

"Bega la kulia linanibana nikirusha. Sikulipenda."

Shangazi aliacha kukanyaga cherehani. Mkono aliuweka kifuani, na nikaona macho yake yanalengwa na machozi.

"Hebu sema tena."

"Linabana. Na hii namba saba imepinda."

"Imepinda?" Shangazi aliinuka karibu aangushe kiti. "Umesikia, wewe? Ananilalamikia! Lete futi!"

Nilileta futi, yetu wenyewe, ya kitambaa, tuliyoinunua asubuhi ile ile. Alimpima bega mara mbili, akaandika kwenye daftari, akamwambia aje kuchukua shati Ijumaa.

"Ijumaa mbali," nahodha akasema. "Nalitaka Jumatano."

"Wateja wa siku hizi wasumbufu!" shangazi akaniambia, anacheka na kujifuta machozi kwa pindo la shati lile. Kisha akakaa chini, akaanza kufumua bega.