Sanda Iliyoagizwa kwa Simu

Wajukuu zangu wakiletewa vitu walivyoagiza kwa simu, huvifungulia uani. Wanajua nikisikia gundi ya kifurushi inabanduliwa siwezi kukaa. Natoka.

Tulikuwa tunaishi wawili Mwananyamala, mie na dada yangu, kwenye nyumba aliyotuachia baba. Yeye mkubwa. Maisha yake yote alipika vitumbua, na kitu kimoja tu alichokitaka mwishoni ni kuzikwa kwa nguo ya jasho lake. Msikitini sanda za sadaka zipo, hajawahi kukosa mtu. Yeye alikataa. "Nimekula changu, nimevaa changu, nitaondoka na changu." Alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani alinitia pesa mkononi. "Nenda mwenyewe. Bafta nzito, ya pamba. Uishike kwa vidole ndipo ulipe."

Sikwenda. Magoti yalikuwa yananiuma, na mjukuu wangu wa kike, aliyekuja kututazama, akanionyesha duka ndani ya simu. Kitambaa cheupe, kimekunjwa vizuri, chini yake imeandikwa pamba tupu. "Bibi, siku hizi nani anahangaika na foleni kwenda sokoni? Unabonyeza tu." Tukabonyeza.

Kikaletwa na dereva wa bodaboda, kimezungushiwa nailoni nyeusi na gundi kila upande.

"Shikamoo mama. Fungua ukague, halafu usaini hapa kwenye simu."

"Marahaba. Hii haifunguliwi."

"Kwani humo ndani kuna nini, mama, majini?"

"Sanda."

Akarudi nyuma hatua mbili, simu kainyoosha mbali na mwili wake. Kwetu sanda ikishaingia ndani haifunguliwi mpaka siku yake. Kuifungua kabla ni kuiita siku hiyo. Basi nikachora kwa kidole kwenye kioo cha simu yake, naye akawasha pikipiki bila hata kuaga.

Dada akaniita kutoka chumbani. "Umeishika?"

"Nimeishika."

"Nzito?"

"Nzito."

Akafumba macho, akalala vizuri siku ile. Mie nilikuwa nimeshika nailoni.

Alifariki asubuhi, miezi miwili baadaye. Waoshaji wakaja, wakamuosha, kisha mkubwa wao akaomba sanda. Nikaitoa sandukuni, yeye mwenyewe akaibandua ile gundi. Kitambaa kilikuwa cheupe, sikatai. Lakini chembamba, kinateleza mkononi, kina maua ya kung'aa kama pazia la sebuleni.

"Nani kanunua hiki?"

"Mie."

"Na hukukiona?"

Dada alikuwa amelala pale, amefunikwa khanga yake, nywele bado zina maji. Wanaume nje walikuwa wanakohoa, wanataka awahi kuswaliwa adhuhuri. Mtu akatumwa msikitini mbio. Muda wote huo dada alisubiri, keshaoshwa, hana nguo, na mie nimesimama pembeni ya miguu yake. Ikaletwa sanda ya sadaka. Ndiyo aliyoondoka nayo.

Tangu hapo huwa namsikia. Hanigombezi, wala hapandishi sauti. Ananiuliza kama alivyouliza siku ile, mchana tu, nikiwa nachambua mchele: umeishika?

Mjukuu akamwandikia muuzaji. Jibu likaja kwamba siku saba za kurudisha bidhaa zimepita, na mteja alisaini kuwa amekagua. Nikajikongoja mpaka ofisi ya malalamiko ya wateja. Karani alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. "Bibi, sheria tuliyonayo iliandikwa wakati mnunuzi anasimama mbele ya muuzaji. Haikutaja kuagiza kwa simu. Sasa inarekebishwa, na kuna mkutano wa kukusanya maoni. Njoo uyaseme haya."

Nikaenda. Ukumbi ulijaa. Mwanamume mmoja alisema aliagiza friji, akaletewa ya kuchezea watoto, watu wakacheka mpaka wakapiga meza. Zamu yangu ilipofika nikasema siku za kurudisha zihesabiwe tangu mzigo unapofunguliwa, siyo unapofika mlangoni. Na mtu akisaini kwenye simu, isichukuliwe kuwa ameona kilichomo.

Mfanyabiashara mmoja akadakia, "Bibi, si mtakaa na mizigo yetu mwaka mzima!"

"Sanda inakaa hata miaka kumi. Ya kwako umeshanunua?"

Wakacheka tena. Yeye hakucheka, na mie sikucheka.

Mkutano ulipokwisha nikamfuata binti aliyekuwa anaandika maoni, nikamwambia anisomee ya kwangu. Akanisomea kwa adabu: mwananchi ameshauri muda wa kurejesha bidhaa zilizoagizwa kwa njia ya kielektroniki uanze kuhesabiwa pale mteja anapofungua kifurushi.

"Ndivyo ulivyosema, bibi?"

"Ndivyo. Lakini dada yangu hayumo."

"Hapa majina hatuandiki, bibi."

"Sijasema jina. Andika kwamba alikuwa ameshaoshwa. Na andika kwamba aliniuliza, nikamwambia nimeishika."

Akaniangalia kidogo, kisha akainama kwenye karatasi. Kalamu ilitembea, hilo nililiona. Alichoandika sikukijua. Shule niliishia darasa la tatu, na mwandiko wake ulikuwa wa haraka.