Ndege Tuliyoipaka Wanga wa Muhogo

Watu wa Uvira wanapenda kuniuliza kama ni kweli tulikuwa na ndege. Huniuliza wakiwa wameshaanza kucheka. Ninawajibu kwamba ndiyo, tulikuwa nayo: injini moja, viti viwili, mabawa ya kitambaa, na hatukumwibia mtu.

Tuliipata kwa kubadilishana. Wiki zile za uhuru, mzungu mmoja mwenye shamba la pamba kwenye uwanda wa Ruzizi alitaka kuvuka mpaka kwenda Usumbura na mke, watoto, masanduku na mbwa. Ndege yake isingewatosha, tena ng'ombe mmoja wa wafugaji walioshuka kutoka milimani kutafuta majani alikuwa ametoboa bawa kwa pembe. Mume wangu, aliyekuwa makanika wake kwa miaka mingi, alikuwa na kamioneti, nzee lakini inatembea. Wakapeana funguo palepale kiwanjani. Mzungu akaondoka na gari letu, sisi tukabaki na ndege iliyotoboka. Ukoo mzima ulisema mume wangu ametapeliwa mchana kweupe, nami nilikuwa wa kwanza kusema.

Aliyenigeuza ni bwana mmoja wa ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, mtu wetu kabisa, na tai mpya shingoni. Alikuja kutuambia tuikabidhi, kwa kuwa ndege si baiskeli na mtu wa kawaida hana haki ya kuwa nayo. Nikamuuliza kama mzungu wa pamba alikuwa mtu wa ajabu. Akaangalia saa yake. Tulikuwa tumeambiwa juzi tu kwamba sasa nchi ni yetu, na huyu tayari anatuonyesha kisicho chetu. Tangu siku hiyo niliitaka ile ndege iruke, hata kama ni kupita juu ya paa la ofisi yake basi.

Kurusha, mume wangu alijua. Mzungu alipenda kusinzia hewani wakirudi kutoka Bukavu, na ili asinzie vizuri alimfundisha makanika wake kushika usukani. Injini pia ilikuwa kazi yake. Alizisugua buji, zile plagi za injini, kwa petroli na mswaki wake wa meno, kisha akaniomba wangu. Petroli ya mapipa tuliichuja kwa kofia nzito ya sufu aliyoisahau mzungu, maana maji yakiingia kwenye kabureta huko juu, hakuna pa kuegesha. Aling'oa kiti cha nyuma ili magunia ya ndagala, dagaa wa ziwani, yapate mahali, akafunga magurudumu makubwa zaidi, kwa sababu kiwanja chetu kilikuwa kimejaa mashimo ya fuko.

Mabawa yalikuwa yangu. Nilikuwa na cherehani sokoni, nikishona sare za shule na magauni ya kwaya. Nilivua kitambaa cha zamani chote, si kile kilichotobolewa tu, nikakata amerikani mpya kwa kufuata kile cha kwanza. Lakini kushona kwa cherehani hakutoshi. Kitambaa lazima kifungwe kwenye mbavu za bawa, fundo moja moja, kwa sindano ndefu inayotoka juu hadi chini, na kazi hiyo inataka watu wawili. Sindano tuliifua kutokana na njiti ya gurudumu la baiskeli. Uzi ulikuwa ule wa nyavu za ndagala, tuliousugulia nta ya nyuki. Mimi nilisimama juu ya meza, mamamkwe wangu akaketi chini ya bawa kwenye kigoda, naye akawa ananirudishia sindano. Kwa kuwa bawa lilikuwa kati yetu na hatukuonana, tuliambiana mambo ambayo ana kwa ana tusingethubutu. Aliniambia hakunitaka mwanzoni. Nikamwambia nilijua, na kwamba hata mimi sikumtaka. Akacheka, akanichoma sindano kwenye kidole.

Vanishi ya kukaza kitambaa tuliikuta imekaukia kwenye makopo, na mpakani hapakuwa na mtu wa kutuletea nyingine. Mamamkwe ndiye aliyesema tupake wanga wa muhogo, ule ule tunaokazia mashati ya wachungaji wa kanisa. Mume wangu alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akajaribu kwenye kipande kidogo, kikakauka juani na kukaza vizuri, naye akaacha kucheka. Tulichemsha masufuria kwa masufuria. Shida ikawa ng'ombe. Walipojua kwamba ndege yetu ina ladha, walikuja kuilamba, ikabidi tuizungushie miiba. Na wakati wa masika ilikaa ndani ya banda la mabati, kwa sababu wanga ukilowa unalegea na bawa linakuwa nepi. Kila kiangazi tuliipaka upya.

Ilipopaa mara ya kwanza nilikuwa ndani, nimekalia gunia tupu. Tulipita juu ya Kavimvira na posti ya mpaka, tukapita juu ya ofisi ya bwana wa tai, nikamwambia mume wangu arudie. Nililia kwa kiburi, sikufichi. Baada ya hapo kila kiangazi alipeleka ndagala Bukavu, akirudi na sabuni na chumvi, na walioturushia maneno wakawa wanakuja kutuomba nafasi.

Ndipo ukaja uasi dhidi ya serikali. Wapiganaji waliuchukua mji, wengi wao vijana waliojifunga matawi ya miti kichwani, na waliamini dawa yao inageuza risasi kuwa maji. Dawa hiyo ilikuwa na masharti, na sharti kubwa lilikuwa mwanamke. Mpiganaji aliyenyunyiziwa maji ya dawa akiguswa na mwanamke, imekwisha, risasi inakuwa risasi. Sokoni tuliwapisha mbali kabisa, na wao walitukwepa kuliko walivyowakwepa askari.

Kamanda wao alisikia habari za ndege. Alikuja kiwanjani na watu wake na mganga wa dawa, tulipokuwa ndiyo kwanza tumemaliza kuipaka wanga wa mwaka ule. Akaizunguka, akaigonga bawa kwa kidole, akafurahi. Alimwambia mume wangu kwamba kesho ataruka na mpiganaji mmoja na sanduku la guruneti, huyo mpiganaji azitupe juu ya askari wa serikali huko kaskazini ya uwanda. Serikali ilikuwa na ndege za vita. Tulikuwa tumeziona zikitema moto juu ya ziwa. Yetu ilikuwa ya amerikani na muhogo, na ndani yake angekaa baba wa watoto wangu. Asingerudi. Hilo halikuhitaji kuelezwa.

Mganga akachovya majani kwenye ndoo, akamnyunyizia mume wangu, kisha akainyunyizia ndege, bila uchoyo. Akatangaza masharti: kuanzia sasa, mkono wa mwanamke usiiguse. Mimi nilikuwa nimesimama penye uzio wa miiba, nikiangalia maji yakitambaa juu ya kazi yangu. Bawa la kushoto likaanza kulegea mbele ya macho yetu. Mume wangu akamweleza kamanda kwamba lazima ipakwe upya na kukauka juani. Kamanda akauliza ni nani anayejua kazi hiyo.

"Ni minye mwenyewe," mume wangu akasema. "Nitaifanya."

Alisema hivyo ili kunikinga, najua. Lakini niliona jambo lingine usoni mwake ambalo lilinikasirisha kuliko kamanda. Aliogopa, ndiyo, ila alikuwa tayari. Kama ni kufa, afie katika ile ndege kuliko kuwaona watu wengine wakiirusha. Wanaume wanajua kupatana na kifo kikija na kitu wanachokipenda. Mimi sikupatana na mtu.

Nikapita kwenye uzio.

"Ana bongo, anadanganya," nikasema. "Huyu hajuake kushika singano. Ni minye ndiye nilishona hii ndeke, minye na mama yake. Bawa hili na lile, na mukia. Na wanga ni minye naipaka, kwa mikono hii."

Mganga akaitazama mikono yangu. Kamanda akaniambia nirudi nyuma. Lakini ulimi wangu ulikuwa umeshatoka nyumbani.

"Na kuna siku nilishona nikiwa mu siku zangu," nikasema. "Siku mingi. Fundo ziko humo ndani. Unyunyize maji yote ya Tanganyika, komanda, mukono ya mwanamuke hautatoka humo."

Wapiganaji waliokuwa wameegemea ndege waliruka nyuma wote pamoja. Yule aliyechaguliwa kupanda alianza kupangusa viganja vyake kwenye suruali. Kamanda aliinua bunduki kidogo, akaishusha. Angeweza kuniua kwa risasi, lakini maiti yangu ingehitaji mikono ya kuiondoa, na hakuna aliyetaka kuigusa. Mganga hakuwa na njia. Kama angesema haidhuru, masharti yote ya dawa yake yangekuwa bure. Akasema rubani amechafuka, hafai tena, na ndege imechafuka kiasi kwamba moto tu ndio utakaoisafisha.

Waliichoma wakiwa mbali, kwa kurusha vijinga. Kwa wanga na petroli haikuchukua muda. Mume wangu hawakumgusa wala hawakumtaka tena. Alisimama kando yangu akiangalia mbavu za mabawa zikianguka moja baada ya nyingine, na mamamkwe akakaa chini akafunika uso kwa kanga.

Walipoondoka, mume wangu akaniuliza, "Ulijua wataichoma?"

"Nilijua."

Kwa siku nyingi hakunisemesha. Alikula chakula changu, alilala kitandani kwangu, lakini maneno alikuwa nayo kwa watu wengine. Nilimwacha. Mtu anayenuna ni mtu aliye hai, na mimi nilikuwa na wengi wa kuwahurumia mtaani ambao waume zao hawakununa tena.

Sasa wanasimulia kwamba waasi walituchomea ndege. Si kweli, na sipendi waasi wapewe sifa isiyo yao. Niliichoma mimi, na ikiletwa leo nitaishona tena, na kama itabidi, nitaichoma tena.