Kibao cha Katani na Mgeni Rasmi

Leo nimeitwa mwongo kwa sababu kazi yangu imekataa kuvunjika.

Tulikuwa kwenye maonesho ya ubunifu hapa Morogoro. Mezani nina vibao viwili vya nyuzi za katani zilizogandishwa kwenye plastiki. Kimoja cha kawaida. Kingine nimekiimarisha kwa chembe za nano, unga laini kuliko vumbi, kutoka kwenye majivu ya pumba za mpunga. Pumba nimezichoma mwenyewe uani kwetu Kilakala, majirani wakifunga madirisha kwa moshi.

Mgeni rasmi akafika.
"Shikamoo mzee."
"Marahaba binti."

Akachukua kile cha kawaida, akakiweka gotini kupima nguvu yake. Paa! Kikavunjika.
Akacheka. "Ndiyo vitu vyetu hivi. Tutafika tu."
Makofi.

Akachukua cha pili. Akakaza. Akabadilisha goti. Mishipa ya shingo ikamtoka.
(Mimi moyoni nashangilia, usoni nimekauka.)
Kibao kimetulia tu.

Watu wakaanza kuguna. Akakirudisha mezani taratibu.
"Sema ukweli, binti. Hiki mmeagiza China?"
"Nimetengeneza mwenyewe, mzee."
"Usinidanganye mimi mtu mzima."

Shikamoo nilishampa. Kubishana naye ningeanzia wapi? Mwalimu wangu, aliyesimama pembeni yangu na aliyeuona mpaka moshi wa zile pumba, akainama kutazama viatu vyake.

Sasa hivi waandaaji wamerusha picha mtandaoni. Mgeni rasmi anatabasamu, kashika vipande vya kile kilichovunjika. Chini wameandika: "Ubunifu wa kizalendo."

Niambieni jamani, kitu chetu mpaka kivunjike ndiyo kiwe chetu?