Mjomba Aliyeletwa Kutoka Shinyanga

Sisi ni Wasukuma, lakini kijiji kizima cha Chiungutwa kilituita Wamang'ati. Ukiwa na ng'ombe tu, basi wewe Mmang'ati. Nilisahihisha mpaka nikachoka, wakaishia kusema nina mdomo.

Baba alikuwa ametangulia na ng'ombe kuelekea Tunduru kutafuta malisho, akatuacha kambini na mama. Nyuma yake mama akaugua, akafia hospitali Masasi. Simu ya baba haikupatikana, huko porini mtandao utatoka wapi? Mvua ikabomoa kibanda chetu, mimi na mdogo wangu tukawa tunalala kwenye baraza la ghala la korosho. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye mitatu, na alikuwa na kifafa. Akianguka watu walikimbia, nikabaki kumshika kichwa peke yangu.

Afisa ustawi wa jamii ndiye aliyetutoa pale. Mama mwema, simsemi vibaya. Alisema serikali itanisomesha na mdogo wangu atapata dawa zake kliniki kila mwezi, ila lazima tukae kwenye familia inayojulikana kijijini. Tukihama na mifugo msaada utakoma, maana hakuna atakayejua tuko wapi. Mjane mmoja mkulima wa korosho akajitolea. Kaka yake akaja kutupokea rasmi, kwa kuwa kwa Wamakua, wenyeji wa pale, mtoto ni wa mjomba kwanza, baba baadaye. Akatukalisha mkekani, akatuita wapwa zake, tukala ugali wa muhogo na kisamvu. Watu wakasema nimeula. Thubutu! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nilishiba, nilivaa sare, na nilifungwa. Mnadani sikuruhusiwa kukanyaga, waliogopa nitafuata ng'ombe. Nikichelewa kisimani, natafutwa. Usingizini nilisikia kengele za ng'ombe, nikiamka nasikia jogoo wa watu. Nilimchukia yule mama kwa wema wake, na nilijichukia kwa kumchukia.

Baba alifika kiangazi kilichofuata, juu ya bodaboda, amejaa vumbi. Alipelekwa kaburini kwanza, akalia. Kisha akaja kuomba watoto wake. Yule kaka wa mjane akamsikiliza kwa heshima zote, halafu akauliza, "Baba yao tumemwona. Mjomba wao yuko wapi?"

Baba alicheka, akidhani ni utani. Kwetu mtoto ni wa baba, mjomba ni mtu wa kumchinjia mbuzi kwenye harusi. Lakini mwenzake hakuwa anatania wala kumkomoa. Kumkabidhi baba watoto bila ndugu wa mama kuwepo, kwake ilikuwa sawa na kuwatupa njiani. Afisa naye akasema ndugu wa mama akipatikana itakuwa vizuri zaidi. Baba akafunga safari ya Shinyanga.

Korosho zilikuwa zinaokotwa aliporudi na mjomba, mzee mwembamba aliyetetemeka kwa uchovu. Baba akainama kwa mdogo wangu, akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Mtoto akamtazama kama anavyotazama mpita njia yeyote, akajibu, "Shikamoo."

"Marahaba," baba akasema, taratibu.

Mambo yakaenda haraka. Wajomba wawili wakashikana mikono, wakaelewana kwa muda mfupi ajabu. Yule mama akajifuta machozi kwa kanga, akasema mwenda kwao si mtumwa. Hapo afisa akanigeukia, akaniuliza mimi nasemaje.

Nilitaka kwenda. Lakini tangu aanze dawa mdogo wangu alikuwa hajaanguka msimu mzima, na kliniki haitembei na ng'ombe.

"Tunabaki," nikasema.

Baba akaniambia basi nije mimi, mdogo abaki. Nikatikisa kichwa. Angebaki na nani wa kwao? Baba akamgeukia shemeji yake. "Kumbe nimekutesa bure," akamwambia, wakapanda bodaboda.

Niko hapa hapa mpaka leo. Mdogo wangu anasoma sekondari, mrefu, anaongea Kimakua kuliko wenyewe. Akikasirika huniuliza kwa nini baba alitutupa. Namwambia hakututupa, alitufuata mara mbili. Hajawahi kuniamini.