Askari Tunayemtafuta Ana Jina la Mtu Aliye Hai

Admin, jina langu lisionekane, na hata kijiji usikitaje, maana hapa Malaba ukikohoa nyumbani wanakupa pole sokoni. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, kabila langu Mteso, nauza mitumba karibu na mpaka. Wale wa kuja na matusi, leo nipumzisheni tafadhali. Nimelia vya kutosha.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, mmoja tu. Tangu utoto alitaka uaskari. Upande wetu wa Kenya alijaribu wakamrudisha kwa sababu ya meno, akajaribu tena, wakamrudisha. Sasa mjomba wetu, ndugu ya mama, anaishi ng'ambo, upande wa Uganda, na ana kijana wa rika la mdogo wangu. Kijana huyo aliitwa kwenye usaili wa jeshi la kwao, lakini ana pumu, hata kupanda mlima kidogo ni shida. Wakakaa kwa mama, mtungi wa ajono, pombe yetu ya wimbi, katikati, kila mtu na mrija wake, wakakubaliana kwamba mdogo wangu aende akakimbie kwa jina la binamu yake. Mama alicheka nao. Mimi pia nilicheka. Kwetu sisi mpaka ni mambo ya serikali. Tunaoa huko, tunazika huko, na wengine wanapiga kura pande zote mbili, msiniulize ni nani.

Alipita. Mbio alikuwa nazo. Akawa anatuma picha akiwa na magwanda, na kifuani limeandikwa jina la binamu. Mama akiwaonyesha wageni ile picha, alifunika jina kwa kidole gumba. Alijivunia mtoto wake mpaka majirani wakachoka.

Kisha wakapelekwa vitani, nchi ya mbali. Siku moja tukasikia kambi yao imeshambuliwa. Tukapiga simu, haipatikani. Tukapiga tena na tena mpaka mama akanipokonya simu, akaiweka chini ya mto.

Maafisa walipokuja, hawakuja kwetu. Wangekujaje kwetu? Walikwenda kwa mjomba. Tulivuka na mama tukawakuta wamemzunguka mke wa mjomba, wamemshika mikono, wanamwambia, "Pole sana, mama. Kijana wako hatujampata, lakini tunamtafuta." Mama yangu akatambulishwa kuwa shangazi. Akakaa kwenye mkeka pembeni na mashangazi wengine, akimeza machozi, maana shangazi akilia kupita mama mzazi watu watauliza. Baadaye akawamwagia maafisa maji wanawe mikono ili wale. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Tangu hapo mama amekataa kunyoa nywele za msiba. Hana maiti, hana kaburi, na mtu akimwambia amlilie mwanawe yaishe, anamfukuza.

Mwaka huu maafisa wamerudi. Kuna mifupa ya askari imepatikana kule, wakataka mate ya mama mzazi kwa ajili ya DNA. Mke wa mjomba akafungua mdomo, wakachukua. Sote tuliokuwa pale tulijua ni kazi bure, na sote tukanyamaza. Juzi wakaja na majibu. Mkubwa wao alikuwa mtu mwenye huruma, aliongea polepole. "Mama, hapa kwa tuliowapata, wako hayuko. Wengine wote wamepata watu wao. Amebaki mmoja hana mwenyewe. Huyo tutamzika sisi, bila jina, mwezi ujao."

Mama yangu alikuwa amebeba sinia la chai. Akaliweka chini taratibu, akatoka. Nilimkuta jikoni ameshikilia nguzo.

"Huyo hana mwenyewe ni wangu," akaniambia. "Mwenyewe niko hapa, nawapelekea chai."

Nikamwambia, "Toto," ndivyo tunavyomwita mama kwetu, "pengine si yeye." Na kweli pengine si yeye. Lakini bila mate yake, au yangu mimi dada mtu, hatutajua kamwe.

Mjomba alipoona tunanong'onezana alinivuta kando. "Mtoto wa dada yangu, aliyekufa hawezi fungwa. Huyu mwingine ana watoto. Ukiongea, mimi na yeye tunaenda ndani." Najua mtauliza mambo ya fidia. Mniache na hayo, maji yameshamwagika.

Na binamu mwenyewe simchukii, ndiyo taabu yangu. Kwao ng'ambo anahesabiwa askari aliyepotea vitani, hawezi kuonekana, kwa hiyo anaishi huku Malaba, anahesabu mizigo ya malori. Akipata kitu haachi kumletea mama sukari. Jana alikuja dukani kwangu, akashindwa hata kukaa. "Dada, kila siku najua yule alikufa na jina langu," akasema. "Lakini ukiongea nimeisha. Watoto wangu nitawaachia nani?" Akalia kama mtoto, mbele ya wateja. Nilimfuta machozi kwa blauzi ya mitumba.

Nikisema, nimewafunga walio hai. Nikinyamaza, mtoto wa mama yangu atafukiwa ugenini bila jina, baada ya kuishi miaka yote ile kwa jina la mwingine.

Leo asubuhi mama ameoga, amevaa gauni lake la kanisani, amekaa mlangoni ananingoja tuvuke twende kwa maafisa. Nimemwambia nimalize chai kwanza, lakini nimejificha chumbani nawaandikia nyinyi, maana ameniuliza hivi: "Wakiniuliza mimi ni nani wake, niseme nini?"

Ndugu zangu, nishaurini. Nitoke hapa nikamwambie nini?