Diwani Aliyefika na Blanketi

Hakuna mtu katika kata yake anayesalimiwa kama diwani Nkandu, na hakuna anayekula ugali wa jioni peke yake kama yeye. Msidhani ni mtu mbaya. Angekuwa mbaya, habari zake zingekuwa rahisi kusimulia.

Alizaliwa hapa hapa Nchelenge, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru. Baba yake alikuwa seremala wa mitumbwi, mama yake Mkongo wa Pweto, ng'ambo ya ziwa. Ndiyo maana Kibemba ni lugha yake ya kila siku na Kiswahili cha Katanga ni lugha yake ya moyoni. Kabla ya udiwani aliuza chisense, vile vidagaa vya Mweru vinavyoanikwa mchangani, katika soko la Kashikishi, na sauti yake ilifika mpaka kwenye mabasi ya kwenda Mansa, makao makuu ya mkoa. Wote walimwita Bana Chris, yaani mama yake Chris, kwa jina la mwanawe wa pekee, ambaye siku hizi yuko migodini Solwezi na hupiga simu akikumbuka.

Mwaka 2017, boti zilipoanza kuleta watu waliokimbia vita Kongo, wanawake wa kanisa walipeleka uji kambini kwao Kenani. Wengi walikoroga, wakagawa, wakarudi makwao. Nkandu alibaki kwa sababu alikuwa na lugha. Aliwatafsiria manesi, akawatafsiria polisi, akatafsiri hata ugomvi wa mke na mume, na huo, nasikia, aliupunguza makali njiani. Huko alimpata Emilienne, aliyeshuka botini na mumewe Roger na sufuria moja. Emilienne alipopata kibali cha kufanya biashara, Nkandu alimwachia nusu ya meza yake sokoni.

Kisha Jairos, mume wa Nkandu, akafariki. Huku ufukweni msiba una kanuni ambayo haijaandikwa popote: rafiki wa kweli hatoi pole akaondoka. Analala. Wanawake hulala sakafuni katika nyumba ya matanga, wamebanana na mfiwa, mpaka siku ya kufagia, nyumba inaposafishwa na watu wakatawanyika. Emilienne alilala ubavuni mwa Nkandu mpaka mwisho, akimsugua mgongo kila kilio kilipompanda. Meza yao ilikaa na turubai juu, na hakuna hata mmoja wao aliyeikumbuka.

Nkandu alipogombea udiwani mwaka 2021, Emilienne, asiye na kura, alimpigia debe kuliko wenye kura zao. Ahadi ilikuwa maji. Paa la soko lingefuata, na nyumba ya wajawazito kusubiria karibu na kliniki, lakini kwanza kisima cha pampu katika mtaa wa wavuvi, ambako watu walichota ziwani palepale walipofulia na kuoshea vyombo, na kipindupindu kikaja na mvua bila kualikwa. Alishinda. Kuanzia hapo, kila alipokwenda aliletewa kiti. Harusini kiti, kanisani kiti, na Bana Chris akageuka Mheshimiwa hata kwa watu waliowahi kumkopa vidagaa.

Mwaka uliofuata malaria ikamchukua Roger. Nkandu alifika asubuhi na mifuko ya unga, akalia kweli, wala si kilio cha kiongozi. Vijana wakamletea kiti, naye akakikalia. Emilienne alimtazama kutoka mkekani.

"Utalala na shiye?" akamwuliza, yaani pamoja na sisi.

"Niko na réunion ku Mansa," alisema Nkandu. "Ni juu ya maji."

Emilienne akaitikia kwa kichwa, akajifunika kitenge chake.

Sasa hapa ndipo ninapomkasirikia. Ackson, katibu wa kamati ya kata, alijitolea kwenda badala yake. Aliujua mpango wa kisima hicho nje ndani, na tai alikwisha kuivaa. Nkandu akakataa. Aliamini kwamba asipokwenda mwenyewe maji hayatapatikana, na ukishaonja kuaminiwa na watu wengi, ni vigumu kumwachia mwingine kijiko. Akajiambia ni mkutano wa siku moja. Mkutano ukazaa mkutano, ofisi ikamtuma ofisi nyingine, naye akawa anasema kesho nitarudi, kesho nitarudi.

Alirudi na kisima. Kilikuwa kimekubaliwa, na mashine ya kuchimba ilikuwa njiani. Hakupita hata nyumbani kuvua viatu vya safari. Alinunua blanketi pale pale stendi akaenda nalo moja kwa moja kwa Emilienne, amelikumbatia, na njia nzima alikuwa akipanga jinsi atakavyojibanza ukutani na kumsugua rafiki yake mgongo.

Alikuta mikeka imekunjwa. Masufuria ya kuazima yalikuwa yamepangwa mlangoni, tayari kurudishwa kwa wenyewe. Wanawake walikuwa wanafagia. Mmoja wao akakimbilia kiti.

Nkandu alikikataa. Aliweka blanketi chini, akaokota ufagio uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaanza kufagia pembeni akiwa bado na viatu vya Mansa. Wenzake wakaacha kazi, wakasimama wakimwangalia. Emilienne alimsogelea, akautoa ule ufagio mikononi mwake taratibu, kama mtu anayempokea mgeni mzigo.

"Acha, mama diwani. Bakubwa habafagiake kwetu," alisema. "Kama ni kulala, tulishalala."

Hakusema kwa hasira. Hasira Nkandu angeiweza, wametukanana mara ngapi pale mezani wakapatana kabla ya jua kutua. Adabu ndiyo iliyomshinda. Akabeba blanketi lake, akaenda nyumbani.

Kisima kilichimbwa, na mimi sitamnyima mtu haki yake: maji ni matamu, na mvua zilizofuata hakuna aliyezikwa kwa kipindupindu mtaani pale. Sifa zote ni za Nkandu. Emilienne alipata meza yake upande wa pili wa soko. Wakikutana anamsalimia vizuri, anapiga goti kidogo, anamwuliza habari za kazi. Anamwita Mheshimiwa.

Nkandu ana bomba uani kwake, lakini kila asubuhi hubeba ndoo na kwenda kisimani. Huko foleni ni ndefu, wanawake wanasengenyana, wanachekana, wanasukana nywele wakisubiri zamu, na Emilienne huwa katikati yao, anasikika tangu kona ya barabara. Nkandu huenda kusimama mwisho wa foleni. Angependa zamu yake ichelewe sana. Lakini wakimwona wananyamaza, wanasogea pembeni, wanampisha mpaka mbele, na mara nyingi Emilienne mwenyewe ndiye anayempampia. Ndoo inajaa upesi, anashukuru, na hana tena sababu ya kubaki.