Verner na Mashua ya Marehemu Aksel

Huyo Verner, kabla hajaja kwetu, alikuwa mtu wa barua. Aligawa barua kwa baiskeli tangu ujana wake kule bara, ambako maji makubwa kuliko yote ni yale ya kunyweshea ng'ombe. Akastaafu, akakutana na Gudrun kwenye karamu ya kipaimara ya mtoto wa jamaa, wakacheza muziki mpaka wenyeji wakaanza kupandisha viti juu ya meza. Mwaka haukuisha, akauza nyumba yake akahamia huku Limfjord, kwenye mkono wa bahari. Sisi wa klabu ya mashua tulimpokea vizuri, na tulimwonea huruma pia, maana kumrithi Aksel si mchezo.

Aksel alikuwa mume wa kwanza wa Gudrun. Alifariki mwaka juzi majira ya baridi, na mashua yao ya tanga, Ternen, ikabaki uani kwetu chini ya turubai la kijani kiangazi kizima, wakati mashua zetu zote zikielea. Huyo Aksel, ninavyokwambia, alikuwa na mkono. Kila masika mashua yake ndiyo iliyotangulia kuwa tayari, tumbo linang'aa, kamba zimekunjwa kama nguo za pasi, injini inawaka bila kubembelezwa. Hivyo ndivyo tulivyoamini sote, na mimi nikiwa wa kwanza kuapa.

Mwezi wa tatu Gudrun alimwambia Verner neno moja mezani, nasi tukalipata kabla ya jioni kwa kuwa Verner hajui siri ni nini. Mashua isipoelea siku ya winchi, siku ya kushusha mashua zote majini, itauzwa. Kuna daktari wa meno wa mji wa Aalborg alikwishaiulizia mara mbili. Verner akapagawa. Alikuwa amemwona Gudrun anavyosimama dirishani akitazama maji, chai inapoa mkononi. Akaniambia, "Akiiuza ile, mwenzangu, atakuwa ameuza na kitu kingine, na mimi ndiye nitakayeishi na kilichobaki." Nikampa brashi.

Jumamosi iliyofuata alikuja na ndoo na ovaroli mpya yenye mikunjo ya dukani. Mashua yangu hukaa ubavuni mwa Ternen, kwa hiyo niliyaona yote. Alisimama chini ya lile tumbo akalitazama juu, akainama akatazama mkuku, ule uti wa chini, akazunguka nyuma, akarudi mbele, kisha akavua kofia akajikuna. Akaenda kwa Egon.

Egon ndiye mwenye kauli siku ya winchi. Zamani alikuwa na bucha, na mpaka leo anamtazama kila mtu kana kwamba anamkadiria kilo.

"Samahani, kaka Egon. Tumbo linapakwa mara moja au mbili?"

"Mbili. Aksel alikuwa anapaka mbili."

"Mbili wapi!" Huyo ni Kaj, fundi bati, akiongea kutoka chini ya mashua yake, miguu tu ndiyo inayoonekana. "Aksel alikuwa anapaka moja, nzito. Aliniambia kwa mdomo wake, hapo hapo uliposimama."

"Wewe Kaj, marehemu asikusikie."

"Asikie tu! Moja!"

"Sasa nifuate lipi?" akauliza Verner.

"Fuata la Aksel," wakamjibu wote wawili.

Nilicheka mpaka nikashika ngazi. Lakini Verner hakucheka. Alipaka moja nzito, akalala nayo rohoni, asubuhi akaikwangua kwa msasa nusu nzima ya kushoto, akapaka mbili, halafu upande wa kulia akauacha na ile moja kwa sababu Kaj alikuwa anamtazama. Mashua ikawa na mashavu mawili tofauti. Nikamwambia kwa upole asipake kile kipande cha zinki cha kuzuia kutu karibu na rafadha, maana Aksel hakuwahi kukipaka. Akanishukuru mno. Egon akapita akamwambia Aksel alikuwa anakibadilisha kila mwaka. Kaj akamwambia Aksel hakuwa na habari nacho. Verner akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, akashika tama.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na yeye alikuwa ametafuta manahodha mji mzima. Aliuliza mtu wa duka la rangi. Aliuliza mchungaji, ambaye ana kiboti cha makasia tu. Alimuuliza hata mama anayeuza mikate, naye akamwambia ukweli wake, kwamba Aksel alikuwa anapenda mikate yenye mbegu.

Na Gudrun? Gudrun alikuwa anakuja mchana na kapu. Anaweka mkate mweusi na ini la kusaga juu ya ngazi, anamimina kahawa, anasimama. Macho yake yanakwenda kwenye tumbo la mashua, yanashuka kwenye mkuku, yanapanda. Verner anashuka mbio na kumfunika koti lake.

"Rudi nyumbani, mpenzi, upepo huu utakuumiza. Kila kitu kinakwenda sawa. Jambo dogo tu la pampu, nitamuuliza Kaj."

"Muulize Kaj," anasema Gudrun, kisha anachukua kapu lake na kuondoka. Sisi tukanong'onezana kwamba maskini, bado ana majonzi. Wanaume wa uani kwetu ni hodari sana wa kusoma nyuso.

Lililomtoa Verner jasho kuliko yote ni koki. Mashua ya tanga ina matundu chini ya maji, ya kumwaga maji machafu na ya kuvuta maji ya kupoza injini, na kila tundu lina koki yake. Wakati wa baridi tunaziacha wazi, maji yasije yakaganda ndani yakazipasua. Masika, kabla ya kushua mashua, unazifunga. Ukisahau, utajijua.

"Ziko ngapi?" Verner akamuuliza Egon.

"Tatu. Ya sinki, ya choo, ya injini. Aksel alinionyesha."

"Una hakika?"

"Nina hakika kuliko jina la mke wangu."

"Na mpini ukilala sambamba na bomba, imefungwa?"

"Imefunguka."

"Ukikaa kwa kukingama?"

"Imefungwa."

Akapanda ngazi akirudia kimoyomoyo kama mtoto wa madrasa. Baada ya dakika chache akachungulia. "Kwa kukingama ndiyo imefungwa, au nimegeuza?" Tukamwambia. Akarudi. Akachungulia tena. Ninaamini kabisa kwamba wiki ile alizifunga na kuzifungua zile koki tatu mara nyingi kuliko Aksel maisha yake yote.

Siku ya winchi ikafika. Kwetu siku hiyo ina taratibu zake. Asubuhi mapema tunakula mikate midogo ya moto, tunapata kikombe kidogo cha ile pombe chungu inayokunja uso, tunasifu hali ya hewa hata kama ni mbaya, kisha winchi ya kukodi inaanza kunyanyua. Mchana inaondoka kwenda mji mwingine, hata kama wewe umebaki chini unalia. Ternen ilikuwa katikati ya mstari. Verner alikuwa amevaa tai. Sijui nani alimwambia avae tai. Gudrun alisimama ukingoni na kikombe chake, amevaa viatu vyake vizuri.

Mashua ikanyanyuka ndani ya mikanda miwili, ikayumba kidogo, ikapita juu ya vichwa vyetu na yale mashavu yake mawili. Ikatua majini. Utaratibu ni kwamba mikanda haivuliwi kwanza. Mwenye mashua anaingia ndani kukagua kama inavuja. Verner akaingia. Halafu tukasikia sauti.

"Kuna maji!"

"Kiasi gani?" akauliza Egon.

"Yanakuja!"

"Yanatokea wapi?"

"Sijui! Zote nimezifunga! Zimekingama! Nimezikingamisha... Kaj, kukingama ndiyo kufunga?"

"Ndiyo!" akapiga kelele Kaj.

"Sasa haya yanatoka wapi?"

Ukingo mzima ukageuka soko. Huyu anasema ni ekseli ya rafadha, yule anasema ni rangi ile ya mara moja, mwingine anasema Aksel alikuwa anaziba kwa grisi. Verner akatoa kichwa, tai imelowa, macho yamemtoka. Jamani, niliumia. Mtu mzima yule alikuwa anatazama mdomo wa kila mmoja wetu, na kila mdomo unasema la kwake. Egon akatazama saa, akainua mkono kumpa ishara mtu wa winchi. Kuinyanyua maana yake ni kuirudisha uani, na kuirudisha uani maana yake ni daktari wa meno wa Aalborg.

"Egon, shusha mkono wako," akasema Gudrun.

Aliweka kikombe chini. Akashuka ngazi ya ukingoni na viatu vyake vizuri, akavuka ubao, akampita Verner bila kumgusa. Kupitia mlango wazi tulimwona akipiga magoti mbele kabisa, chini ya kitanda cha omoni, akang'oa kipande cha ubao ambacho mimi nisingejua kama kinang'oka. Akalala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka begani. Akakunja uso mara moja. Sauti ya maji ikakatika.

Alitoka mkono unachuruzika.

"Koki ya nne," akasema. "Ya bomba la zamani la maji ya chumvi. Niliiacha wazi nilipoiweka mashua kwa baridi."

"Ulipoiweka?" Egon akashangaa. "Lakini Aksel hakuwahi kunitajia..."

"Aksel hakuijua."

"Aksel hakujua koki ya mashua yake?"

"Aksel, Mungu amrehemu, alikuwa anajua kupika kahawa na kuzunguka na chupa yake akiwauliza ninyi. Unapaka mara ngapi, Egon? Mbili? Vema sana. Unapaka mara ngapi, Kaj? Moja? Nawe umesema kweli. Mlidhani nani alikuwa chini ya turubai?"

Tulikuwa tumemwona, ndiyo. Kila masika tulimwona akiingia na ndoo, tukasema anaosha mapazia. Nikajaribu kukumbuka ni lini hasa Aksel aliniambia habari ya zinki, na nilivyozidi kukumbuka ndivyo nilivyozidi kuisikia sauti yangu mwenyewe ikimwambia yeye. Nikayatazama maji. Kaj naye aliyatazama maji.

Verner alibaki amesimama, maji kifundoni. "Lakini Gudrun," akasema, "mbona hukuniambia? Umeniona nikihangaika mwezi mzima. Nilikuwa nafanya haya yote kwa ajili yako."

"Najua."

"Sasa?"

"Ulimuuliza Kaj. Ulimuuliza Egon, ukamuuliza mchungaji. Umemuuliza mpaka mama wa mikate, Verner." Sauti ilianza kumkatika, naye akaiacha ikatike mbele yetu sote. "Nilikuletea chakula kila siku nikasimama pale. Nikasema, leo ataniuliza. Unanivika koti unanirudisha nyumbani. Aksel nilimpenda, na sifa zake nilimwachia. Lakini sikutaka kuzikwa mara mbili. Nilisema kama mashua itashuka majini na mwanamume mwingine wa kusifiwa, bora iende."

Mtu wa winchi alizima injini yake bila kuambiwa.

Verner aliitazama tai yake, akaifungua, akaitupa ndani ya kikapu cha kamba. Alikuwa bado amechanganyikiwa, uso wake ulisema hivyo waziwazi, wala hakujaribu kuuficha. Akapiga hatua moja kuelekea kwake, akasimama.

"Gudrun," akasema. "Nifanye nini?"

Egon alitaka kujibu yeye, nikamkanyaga mguu.

"Shika ndoo utoe maji," akasema Gudrun. "Ukimaliza, njoo nikuonyeshe zote nne."